Malindi au Kaloleni: Mstaafu Ajenge Wapi?

Mtumishi wa serikali katika nchi hii atimizapo umri wa miaka 60, akakabidhi funguo za ofisi na kupokea barua yake ya shukrani, hukabiliwa na swali ambalo kwa miaka mingi alikuwa akiliahirisha, nalo ni hili: kiinua mgongo hiki, ambacho hakitatoka mara ya pili, akakijengee wapi? Kwa wakazi wa Mombasa, na hususan wale wenye asili ya Kimijikenda ambao mababu zao waliishi katika kaya za vilimani, swali hilo siku hizi lina majibu mawili yanayoshindana katika kila baraza la kahawa. Wako wasemao Malindi, mji wa hoteli na upepo wa bahari, ambako mtu aweza kumalizia umri wake akitazama ngalawa zikirudi. Na wako wasemao Kaloleni, au Rabai, au kijiji chochote kile cha juu ya kilima, penye minazi ya urithi na usiku usiokuwa na kelele. Rai yangu naitoa mapema, ili msomaji asinidhanie kuwa namvizia: mimi ni wa upande wa Kaloleni. Walakini hoja nyingi zinazotolewa kuitetea Kaloleni ni dhaifu mno, na mwenye kuhamia huko kwa ajili ya hoja hizo atajuta kabla mnazi wake wa kwanza haujazaa, nao mnazi huchukua miaka mitano, sita, hata saba.

Tuanze na Malindi, kwa kuwa mkubwa hutangulizwa. Mji huu haukuanza jana kupokea wageni. Mwaka 1415 wajumbe wake walifika China na twiga aliyelistaajabisha baraza la mfalme wa huko. Mwaka 1498 Vasco da Gama, ambaye Mombasa haikumpokea kwa wema, alikaribishwa Malindi na kupewa rubani wa kumvusha hadi Calicut. Lakini wageni wa zama hizo walikuja na kaskazi wakaondoka na kusi, na muda waliokuwapo walinunua kile ambacho mji ulikuwa nacho, kwa bei waliyoafikiana na wenyeji. Baadaye Wareno walipohamishia makao yao Mombasa mwishoni mwa karne ya 16, na ukoo wa kifalme wa Malindi ukawafuata, mji ulififia kwa dahari nzima, ukaja kufufuliwa katika miaka ya 1860, enzi za Sayyid Majid wa Zanzibar, na kilichoufufua kilikuwa kilimo: mashamba mapana ya mtama na ufuta, yaliyolimwa kwa mikono ya watumwa, na nafaka yake ikapakiwa majahazini kwenda kulisha Arabuni.

Hiyo ndiyo Malindi ambayo mtalii haonyeshwi, na mstaafu anayetaka kununua kiwanja hana budi kuijua, maana mizozo ya ardhi ya leo mizizi yake imo humo. Utumwa ulipofutwa pwani mwaka 1907, na mwaka uliofuata ikaja sheria ya hati za ardhi, waliojua njia ya ofisini waliandikisha madai yao, ilhali waliokuwa wakilima kwa mujibu wa mila, wengi wao Wagiriama, wakajikuta wageni juu ya udongo walioupalilia wenyewe. Watoto wao na wajukuu wao ndio hadi leo waitwao maskwota, katika mashamba ambayo mwenyewe hawajapata kumwona kwa macho. Basi mtu anayeonyeshwa kiwanja cha bei nafuu nje kidogo ya mji, na dalali aliyevaa vizuri na mwenye haraka nyingi, aulize kwanza ni nani aliyepanda ile miembe iliyomo, na yu wapi sasa.

Hoteli zilianza miaka ya 1930, walowezi wa nyanda za juu walipoteremka kuoga bahari na kuvua samaki wakubwa. Hata Ernest Hemingway alipita huko na ndoana yake katika miaka hiyo. Kisha, katika miaka ya 1960, wakaja Waitaliano na kituo chao cha kurushia roketi baharini karibu na Ngomeni, ambako mwaka 1967 satelaiti yao iliyoitwa San Marco ilipaa kutoka kwenye maji yetu. Na nyuma ya mafundi wakafuata wenye hoteli, wenye mikahawa, na hatimaye wastaafu. Hapa nakuomba, msomaji, usimame kidogo. Malindi tayari ni mji wa wastaafu, ila wastaafu wenyewe ni wa Italia, na pensheni yao hulipwa kwa yuro. Karani aliyestaafu kutoka ofisi ya Mombasa anapohamia Malindi anakwenda kushindania nyumba, kijakazi na kitoweo na mstaafu mwenzake wa ng'ambo ambaye kila hesabu ya sokoni imekwisha kumwelekea. Katiba ya mwaka 2010 imemwekea mgeni mpaka, kwamba asimiliki ardhi ila kwa kukodi, na muda wa kukodi usizidi miaka 99; jambo la insafu kabisa, lakini Katiba haikuandikwa kupanga bei ya nguru.

Nguru nimemtaja makusudi. Katika miezi ya msimu, yaani kuanzia Desemba hadi Machi, na tena kuanzia Julai hadi Septemba, samaki wa maana hutoka chomboni akapita mlango wa nyuma wa hoteli, na anayebaki kwenye meza ya mnadani ni yule ambaye mpishi amemkataa. Mwezi wa nne unapoingia, masika yakaanza kunyesha na kusi ikavuma, hoteli nyingi hufunga milango, wahudumu huambiwa waende likizo isiyo na mshahara, na mji mzima huanza kuishi kwa deni la dukani. Mto Sabaki nao, uliokusanya udongo wa mashamba ya Ukambani na ya juu zaidi, huumwaga wote katika ghuba iliyo mbele ya mji, na bahari ikawa na rangi ya chai ya maziwa. Mimi binafsi naipenda hata ikiwa hivyo, na sijapata kuona ubaya wa kuoga katika maji yasiyoonyesha vidole vya miguu. Lakini aliyenunua nyumba kwa kuvutiwa na picha ya maji ya zumaridi ajue kwamba picha zile, aghalabu, hupigwa kusini zaidi, kwenye hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zilizotengwa mwaka 1968.

Mstaafu hujibu: mimi misimu hainihusu, pensheni yangu huingia kila mwezi, iwe masika iwe kiangazi. Jibu hilo lina uzuri wake mpaka uanze kulipekua. Aghalabu mtu huyo hajajenga nyumba ya kulala peke yake. Amejenga na vyumba vinne vya kupangisha nyuma ya ua, ili kodi imsaidie uzeeni, na wapangaji wake ni nani kama si mhudumu wa hoteli, dereva wa tuktuk, fundi wa kuchonga vinyago na binti afanyaye kazi ya kusuka nywele ufuoni? Mwaka 2014, serikali za Ulaya zilipowaonya raia wao wasije pwani ya Kenya, na mwaka 2020, maradhi ya korona yalipozisimamisha ndege, mpangaji hakulipa kodi kwa kuwa hakuwa nacho cha kulipa, na mwenye nyumba aliyemfukuza hakupata mwingine. Balaa hizo mbili zilianzia mbali na Malindi, wala watu wa Malindi hawakuwa na taksiri yoyote ndani yake.

Sasa tuseme na wale wanaoipenda Kaloleni. Hoja yao kubwa ni utulivu, na hiyo ndiyo niliyoiita dhaifu. Vilima vile havijapata kuwa kimya. Kaya zilijengwa juu, ndani ya msitu, zikazungushiwa maboma na malango, kwa sababu ya vita na si kwa sababu ya mandhari; na kaya hizo, ambazo mwaka 2008 ziliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia, ni ngome kabla ya kuwa kitu cha kutazamwa. Rabai, walikohamia wamisionari Krapf na Rebmann mwaka 1846, ilikuwa njia panda ya misafara na baadaye kimbilio la watumwa waliotoroka. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza aliwakusanya Wagiriama wakala kiapo cha kukataa kodi na kazi ya kulazimishwa, na mwaka uliofuata Waingereza wakaja na baruti wakailipua kaya kuu ya Wagiriama. Na leo, anayesema vijijini hakuna kelele hajalala kwenye nyumba iliyo jirani na matanga ya Kigiriama, ambako ngoma ya kifudu au spika ya kukodi hukesha mpaka jua likachomoza.

Zaidi ya hayo, ukimya wenyewe si dalili ya amani. Msitu wa Shakahola uko bara ya Malindi, mahali pakimya kuliko pote, na ni katika ukimya huo ambapo, mwaka 2023, zaidi ya maiti 400 zilifukuliwa, za watu waliofuata mahubiri ya kujinyima chakula hadi kufa, wakiwamo watoto ambao hawakuwa na hiari. Na liko jambo lingine ambalo wapenda vijiji hulipita kwa mguu mwepesi, ilhali kwa mtu wa miaka 60 lapasa kuwa la kwanza. Kwa muda wa miaka mingi sasa wazee wa Kilifi wamekuwa wakiuawa kwa kusingiziwa uchawi. Wengine wamelazimika kuzipaka rangi mvi zao, na wengine wamekimbilia Kaya Godoma, huko Ganze, wakahifadhiwa. Wauaji husema uchawi. Wanaofuatia habari hizi hukuta, mara kwa mara, shamba ambalo mzee hakutaka kuligawa au kuliuza.

Kwa nini shamba lipite kwenye kichwa cha mzee? Mwanazuoni David Parkin, aliyekaa na Wagiriama katika miaka ya 1960 na ambaye kitabu chake kuhusu minazi, tembo na mashahidi kilitoka mwaka 1972, alieleza jambo ambalo wenyeji hawakuhitaji kuelezwa: kwamba katika nchi ile mnazi una mwenyewe na ardhi ina mwenyewe, nao si lazima wawe mtu mmoja. Mtu aweza kuuza shamba akabakiza minazi. Aweza kuiweka minazi rehani kwa ajili ya mahari au matanga, ikakaa kwa aliyekopesha hata wajukuu wakazaliwa. Na daftari ya mambo hayo yote ni vichwa vya wazee walioshuhudia, wakanywa tembo la makubaliano, wakaondoka. Ushahidi huo ndio uliompa mzee heshima barazani, na ushahidi huo huo ndio unaomhatarisha, maana mwenye kutaka kupindua mpaka hana karatasi ya kuchana; ana mtu wa kumnyamazisha. Basi mstaafu anayerudi Kaloleni akadhani kwamba shamba ni lake kwa kuwa baba yake alizikwa hapo, na asishughulike kuita ndugu, wapimaji na chifu, akatoa hati miliki kila mrithi akiwa na fungu lake angali hai, hakujenga nyumba. Amejenga kesi, na Mungu amnusuru na jambo baya zaidi ya kesi.

Na maji. Wanaume hukaa chini ya mwembe wakausifu ukimya wa kijiji, na sijasikia hata mmoja aliyemwuliza mkewe kabla ya kutoa sifa hizo, ilhali yeye ndiye atakayeubeba mtungi, au siku hizi dumu la lita ishirini, pindi mfereji utakapokauka. Mtu akitaka kuijua siasa ya nchi hii na aende Baricho, kando ya Sabaki, ambako maji huvutwa kutoka visimani na kusukumwa kwa mabomba makubwa hadi Malindi, Kilifi na Mombasa, yakajaze mabirika ya kuogelea ya hoteli, huku vijiji vya bara vikiyasubiri magari ya kugawa maji kila kiangazi. Si maji peke yake. Mapaa ya hoteli zile, yale mapana ambayo mtalii huyapiga picha kabla hajafungua sanduku lake, yameezekwa kwa makuti yaliyosukwa na wanawake wa Kaloleni, Rabai na Jibana, wakalipwa bei ambayo sitaitaja kwa sababu ya aibu. Madafu ya ufuoni yameangushwa huko, maembe yamechumwa huko, na kijana anayemwambia mgeni "ciao" asubuhi na mapema, akijua Kiitaliano kuliko Kiingereza, mama yake yuko huko.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Korona ilipofunga hoteli mwaka 2020, vijana wale walipanda matatu wakarudi kwa mama zao. Bara ndiyo iliyowalisha, kwa mahindi machache na mihogo, mpaka ndege zikarudi. Kwa hiyo tukitazama kwa insafu, mji wa starehe umesimama juu ya dhamana ya kijiji, na dhamana hiyo haijapata kuandikwa katika hesabu za hoteli yoyote wala za wizara. Mtu mwenye kiinua mgongo, ambaye mshahara umekoma na nguvu zinapungua, akiuliza fedha yake aiweke wapi, jibu la busara ni aiweke kwenye ile dhamana, asiiweke kwenye kinachodhaminiwa.

Najua kwamba wengi hawaikimbilii Malindi kwa ajili ya bahari. Wanawakimbia jamaa. Mtu amefanya kazi miaka thelathini na mitano akilipa karo za wapwa, michango ya matanga na nauli za watu wasiorudi kuaga, na sasa anataka kukaa mahali ambapo hakuna ajuaye tarehe ya pensheni yake. Sina moyo wa kumlaumu. Karaha ya kuombwa kila asubuhi kabla ya kupiga mswaki naijua, na Kaloleni itamwomba zaidi, maana huko kila aliyetoka kazini huhesabiwa tajiri hata akiwa anakunywa chai ya mkandaa. Lakini uzee una hesabu yake nyingine. Katika mji wa hoteli, mtu akianguka msalani usiku, jirani yake wa kulia ni nyumba ya likizo iliyofungwa tangu Machi, na wa kushoto ni mlinzi aliyeletwa na kampuni, ambaye kesho atahamishiwa lindo lingine. Kijijini, wale wale waliomchosha kwa maombi ndio watakaovunja mlango. Wataufungua kwa kuwa wanamjua, kwa kuwa wanamdai, na kwa kuwa wamezoea kumwona ifikapo saa moja. Hospitali ya Malindi ni kubwa kuliko hospitali ya Mtakatifu Luka ya Kaloleni, hilo sikatai, na mwenye maradhi mazito ya kudumu asikilize daktari wake kabla ya kunisikiliza mimi. Lakini hospitali, iwe kubwa iwe ndogo, haina faida kwa mgonjwa asiye na wa kumfikisha. Na barabara ya lami itokayo Mariakani ikapita Kaloleni hadi Mavueni imeviondolea vijiji vya njiani ile hoja ya zamani ya umbali.

Ziko sharti zake. Tangi la maji ya mvua litangulie nyumba, tena liwe la saruji na kubwa, na bati liwekwe mifereji pande zote, maana ukingo ule wa vilima hupata mvua ya kutosha minazi kuliko Bamba na Ganze zilizo nyuma yake, na mvua isiyo na pa kuingia ni hasara. Hati miliki itoke kabla ya msingi kuchimbwa. Nyumba isiwe ya ghorofa, kwa sababu fahari ya ghorofa ni ya siku ya kuhamia tu, na magoti ya mwenyewe yatakuwa ya kila siku. Na mke apewe sauti ya kwanza, si ya mwisho; akisema hapana, basi mjadala umekwisha na makala hii haina kazi.

Mwenye kusitasita bado asitie saini popote mwaka huu. Akapange chumba Malindi mwezi wa tano, wala si Januari ambapo kila mtu hucheka: akae wiki kadhaa mvua ikinyesha, hoteli zimefungwa, bahari imechafuka, aone ni nani anayemsalimu na ni nani anayemkopa. Kisha mwezi wa pili, jua likiwa kali na masika bado hayajaja, apande Kaloleni akalale kwa ndugu yake, ateke maji pale wanapoteka wao, ahudhurie matanga mawili, atoe mchango atakaoombwa, na awaulize wazee wa mtaa, mmoja mmoja na si kwa pamoja, mpaka wa shamba la baba yake unapita wapi. Wakimwonyesha mahali pamoja wote, na anunue saruji.